Mama yuko kituoni: mtoto alale kwa nani?

Kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa Kivu ya Kaskazini, maswali yanayotoka Masisi na Walikale kuhusu watoto huwa yaleyale. Baba amechukuliwa na gari la wagonjwa, mama naye ameanza homa: mtoto alale kwa nani? Bibi akimpokea, si atauingiza ugonjwa katika nyumba nzima? Si afadhali apelekwe kituo cha yatima mjini, penye vitanda na maziwa ya kopo? Na wapo wasiouliza, wanaotangaza tu: mtoto mdogo husahau upesi, mtoto wa marehemu wa Ebola ana mkosi, maziwa ya mama mwenye huzuni huchacha kifuani.

Majibu yapo, na sehemu kubwa yake ilipatikana hukuhuku Kivu, kwa gharama ya roho za watu.

Mpofi inafaa kuwa kipimo cha majibu hayo. Kijiji hicho kiko kwenye njia ya Masisi kwenda Walikale, ukishaacha Nyabiondo na Kashebere, na mvua ikikaza njia hiyo hubaki ya miguu na ya madereva wa pikipiki wenye roho ngumu. Ushauri wowote unaohitaji jengo jipya, jenereta na gari la kila siku hautafika huko kwa wakati. Lakini watu wa upande huo wanajua jambo moja kuliko wataalamu wengi, nalo ni kupokea. Katika miaka yote ya vita, watu wengi waliokimbia makwao Kivu ya Kaskazini hawakulala kambini. Walilala kwa ndugu, kwa wakwe, kwa waumini wenzao, hata kwa watu ambao hawakuwahi kuwaona. Zinaitwa familia za mapokezi. Mtoto aliyepotezana na wazazi wake njiani huingizwa jikoni kwa mtu, hupewa ugali wa muhogo na sombe, na kufikia jioni kuna anayemwita kwa jina.

Je, desturi hiyo ilindwe wakati wa mlipuko, au izuiwe kwa kuwa ni hatari? Ilindwe, kwa masharti. Sababu zinaanzia Goma.

Katikati ya Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma ndani ya siku chache. Kipindupindu na kuhara damu viliua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Zaidi ya watoto 10,000 walibaki bila wazazi, na wahisani wakafanya kilichoonekana cha haraka na cha huruma: wakafungua vituo vya watoto. Mwaka 1995 watafiti walichapisha hali ya vituo hivyo katika jarida la tiba la JAMA. Vifo vilikuwa vya kutisha, hasa katika wiki za mwanzo na hasa kwa wachanga. Walezi walikuwa wachache, watoto wamelazwa bega kwa bega, na kuhara kulihama kutoka godoro hadi godoro. Surua ni mbaya zaidi katika mazingira kama hayo: mtoto mmoja mwenye surua akiingia katika ukumbi wa watoto wasiochanjwa, tisa kati ya kumi wataipata.

Kulikuwa na tokeo la pili ambalo wafadhili hawakulitarajia. Chakula cha vituoni kilikuwa bora kuliko cha kambini, basi wazazi waliokata tamaa wakaanza kuwaacha watoto wao mlangoni ili wapate kula. Kituo kilichofunguliwa kwa ajili ya yatima kikawa kinatengeneza yatima wapya, ambao mama zao walikuwa hai umbali wa kutembea. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado kila mlipuko mtu fulani hujitokeza na ramani ya jengo jipya mkononi.

Msongamano peke yake hauelezi kila kitu. Ndani ya mwili wa mtoto aliyetenganishwa na watu wake kuna kazi inayoendelea, na inastahili kuelezwa taratibu, maana ndiyo inayofanya familia iwe sehemu ya matibabu.

Hofu ikimshika mtoto, haipothalamasi iliyo ndani ya ubongo huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo, na damu hujaa kotisoli. Homoni hiyo si sumu. Kila siku hupanda alfajiri, kisha hushuka kidogo kidogo hadi usiku. Hatari ikitokea, humwaga sukari katika damu na kuziahirisha kazi zinazoweza kungoja: kukua, kusaga chakula, kuzalisha seli za kinga. Kwa dakika chache mpango huo huokoa maisha. Ukidumu kwa wiki nzima, unageuka. Homoni ya ukuaji hupungua, hamu ya kula huvurugika, na tezi ya thaimasi, ambamo seli za kinga aina ya T hukomazwa, husinyaa. Madaktari waliopasua maiti za watoto waliokufa baada ya maradhi marefu au njaa wameikuta thaimasi imenywea tangu zamani. Kwa maneno mengine, mtoto mwenye hofu isiyokoma anaukabili ugonjwa akiwa na kinga iliyopunguzwa.

Mtu mzima anaweza kuituliza hali hiyo mwenyewe: anasali, anahesabu pumzi, anajiambia kesho itakuwa nafuu. Mtoto mchanga hawezi. Kinachoituliza kiko nje ya mwili wake, na ni mtu. Megan Gunnar wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walipima kotisoli katika mate ya watoto waliopelekwa kuchanjwa. Sindano iliwaliza watoto. Hata hivyo, kwa waliokuwa na uhusiano imara na mzazi aliyewapakata, kotisoli ilipanda kidogo sana. Kwa waliokosa uhusiano huo ilipanda juu. Machozi yalikwenda njia yake na homoni njia yake. Mtoto alipiga kelele, lakini mwili wake haukuingia vitani, kwa kuwa ulishamtambua aliyembeba. Harufu, sauti, joto la ngozi, mapigo ya moyo: hizo ndizo taarifa ambazo ubongo wa mchanga huzisoma kabla ya kuamua kama dunia ni salama.

Kinyume chake kilipimwa Romania. Kuanzia mwaka 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Kwa kura, nusu walibaki katika utaratibu wa kawaida wa vituo, nusu wakapelekwa katika familia za kulea. Matokeo yaliyotoka katika jarida la Science mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliokwenda katika familia walipanda kiakili, na walionufaika zaidi ni wale walioondolewa vituoni kabla ya kutimiza kama miaka miwili. Waliongezeka uzito na kimo pia. Miaka mingi baadaye, mwitikio wao wa kotisoli ulifanana na wa watoto waliokulia kwao, ilhali wa wenzao waliobaki vituoni ulikuwa umezubaa. Umoja wa Mataifa ulipopitisha mwongozo wake kuhusu malezi mbadala ya watoto mwaka 2009, uliandika wazi kwamba walio chini ya miaka mitatu walelewe katika mazingira ya familia.

Basi ule msemo wa kwamba mtoto mdogo husahau upesi uzikwe. James Robertson alirekodi filamu London mwaka 1952 ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini bila mama yake, na kutokana na kazi hiyo akaeleza hatua tatu: mtoto kwanza hupinga, kisha hukata tamaa, mwishowe hujitenga. Aliyeacha kulia husifiwa kuwa amezoea. Mara nyingi yuko katika hatua ya pili. Huyo hula kidogo, huharisha bila kuomba maji, na katika wodi yenye kazi nyingi ndiye anayepitwa na muuguzi, kwa sababu hasumbui mtu.

Ebola ndiyo mtihani mkubwa wa hoja hii, maana hapo kumkumbatia mtoto kunaweza kuua. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, ulimalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ni wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo. Agosti 2019 ulifika hata Pinga, huko Walikale, alikothibitishwa mgonjwa mmoja. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto, na katikati ya mwaka 2019 UNICEF ilikuwa imeshahesabu zaidi ya watoto elfu moja waliofiwa na mzazi au wazazi wote wawili, na zaidi ya elfu mbili waliotenganishwa nao.

Kirusi cha Ebola hukaa kimya kwa siku 2 hadi 21. Mtoto aliyenyonya kwa mama mgonjwa jana anaweza kuonekana mzima leo, akapokewa na mama yake mdogo kwa upendo wote, na wiki mbili baadaye mama mdogo akawa mgonjwa. Hofu ya bibi wa Mpofi, kwa hiyo, si ujinga hata kidogo. Lakini kumfungia mtoto wa mwaka mmoja peke yake kwa wiki tatu nako ni kumuumiza, kwa sababu zilizoelezwa hapo juu.

Njia ilitoka kwa watu ambao miili yao ilishapigana na kirusi na kukishinda. Kuanzia mwishoni mwa 2018, Beni na baadaye Butembo, vilifunguliwa vituo vidogo vya malezi kando ya vituo vya matibabu, na walezi wake wakawa watu waliopona, wale ambao Kivu nzima inawaita washindi wa Ebola. Waliwabeba watoto, waliwalisha, waliwaimbia bembelezi, wakawapima joto kila siku hadi siku ya 21. Baadhi yao waliwahudumia pia watoto waliokwisha kuugua, ndani ya kituo cha matibabu, ambako daktari alionekana macho tu nyuma ya miwani na plastiki.

Kwa nini wao? Damu ya aliyepona ina kingamwili zinazoing'ang'ania protini ya juu ya kirusi, ile inayotumika kama ufunguo wa kuingilia katika seli, na seli zinazozitengeneza hudumu kwa miaka. Mtu aliyepona katika mlipuko wa Kikwit wa 1995 alitoa damu zaidi ya miaka kumi baadaye, na ndani yake watafiti wakapata kingamwili iliyozaa dawa ya mAb114, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi wa Kongo, ana mkono mkubwa ndani yake. Jaribio lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina lilionyesha mwaka 2019 kwamba waliopewa dawa hiyo walikufa kiasi cha 35 kwa 100, wakati waliopewa dawa ya kulinganishia, ZMapp, walikufa 50 kwa 100. Kwa waliofika wakiwa na virusi vichache mwilini, vifo vilishuka hadi karibu mmoja kati ya kumi. Kilichomo ndani ya chupa ya dawa, kwa asili yake, ni kilekile kilichokuwa kinatembea katika mishipa ya mwanamke wa Beni aliyempakata mtoto wa jirani yake. Ni vigumu kupata katika tiba ya kisasa mahali ambapo maabara na mgongo wa mlezi vimekutana karibu namna hiyo.

Ndugu wasioweza kuingia katika kituo cha matibabu walipewa njia nyingine. Shirika la ALIMA lilileta Beni chumba cha plastiki angavu chenye glavu zilizoshonwa ukutani, hivi kwamba mgonjwa aliye ndani na ndugu aliye nje waliweza kuonana na kuzungumza bila mavazi ya kutisha katikati yao. Uvumi kwamba watu huingia kituoni na kuibiwa viungo ulipungua nguvu pale ndugu walipoweza kuona kwa macho yao.

Na baada ya siku 21? Wanaodai kwamba ukoo utamkataa mtoto watazame Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mapema 2015 UNICEF ilikuwa imesajili watoto 16,600 huko waliompoteza mzazi mmoja, wawili au mlezi wao mkuu kwa Ebola. Waliohitaji kuwekwa nje ya ukoo au jamii yao hawakufika 3 kwa 100. Ndugu waliwachukua, mara tu walipohakikishiwa kwamba mtoto si hatari na walipopewa kitu cha kuanzia: godoro, sabuni, chakula, ada ya shule.

Ugonjwa wa mpox una hesabu tofauti. Shirika la Afya Duniani lilipoutangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, watoto wa kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya Goma walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi, wengi wao wakiwa wa familia zilizotoka Masisi. Katika kituo cha matibabu cha Munigi, karibu na Goma, mama aliruhusiwa kukaa na mtoto wake. Hilo ni sahihi: ugonjwa huo huenea kwa kugusana kwa karibu na vitu kama shuka, kwa hiyo kinachotakiwa ni mtoto awe na mlezi mmoja anayejulikana, badala ya shangazi watano wanaopokezana. Kambi hizo zilibomolewa Februari 2025, watu wakarudi vijijini, na tangu hapo kazi ya kumfuata mtoto aliyekutana na mgonjwa imebaki mikononi mwa vijiji vyenyewe.

Sasa, kuhusu wanaovuna pesa katika hofu. Mwishoni mwa 2018 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watoto wengi wa Beni waliambukizwa Ebola katika vibanda vya tiba vya watu wanaojiita matradi-moderne. Walipelekwa huko na malaria ya kawaida, wakachomwa sindano zisizo safi, wakarudi nyumbani na ugonjwa ambao hawakwenda nao. Hakuna namna ya kulisema hilo kwa upole. Mtu asiyejua kuchemsha sindano hana haki ya kuishika, hata kama kibanda chake kiko karibu na anakubali malipo ya kuku.

Wengine hutumia maneno badala ya sindano. Yatima anatajwa kuwa mchawi aliyewala wazazi wake, kisha mwenye kumtaja anajitolea kumwombea kwa malipo, kwa kufunga, wakati mwingine kwa viboko. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, katika ibara ya 160, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini. Viongozi wa vijiji na makanisa waisome kwa sauti mbele za watu. Mtoto aliyemaliza siku 21 bila homa hana Ebola, na mkosi haupimwi kwa kipimo chochote.

Hadithi ya maziwa inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ina punje ya ukweli iliyowekwa mahali pasipo pake. Huzuni haichachishi maziwa. Hofu inaweza kuchelewesha homoni ya oksitosini inayoyasukuma yatoke, basi mama akadhani yamekauka. Mtoto akiendelea kunyonyeshwa mahali tulivu, hurudi. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kijito yameua wachanga wengi kuliko huzuni. Ebola ndiyo inayobadilisha hukumu: kirusi chake hupatikana katika maziwa, kwa hiyo mama anayeshukiwa asinyonyeshe, na timu ya afya ilete maziwa maalum yaliyo tayari kunywewa, yasiyohitaji kuchanganywa na maji. Kwa mpox, uamuzi hutegemea hali ya mama na ya mtoto, na muuguzi wa kituo ndiye wa kuulizwa.

Mengine ni mafupi. Homa ikianza, mtoto afikishwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Jina lake, la wazazi na la kijiji liandikwe kwenye karatasi inayobaki naye. Mlezi awe mmoja, awe na sabuni, na apewe chakula cha nyumba nzima, si cha mtoto mmoja tu, maana sahani moja ya upendeleo huleta chuki kwa watoto wenyeji. Reko, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, apite kila siku kupima joto. Mzazi aliyelazwa na mtoto wake wasikie kila mmoja sauti ya mwenzake, hata kwa simu ya kuazima. Chanjo ya surua isisubiri mlipuko.

Chanjo ya Ebola yenyewe, iitwayo Ervebo, inaleta swali la muda. Huchukua kama siku kumi kumkinga aliyechanjwa, na kutoka mwaka 2019 ilitolewa Kongo hata kwa watoto kuanzia miezi sita. Mama mdogo atakayempokea mtoto siku ya 22 anaweza basi kuwa amekingwa kabla hajamgusa, ikiwa jina lake lilitajwa mapema. Chanjo hiyo hutunzwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri na husafirishwa katika makasha maalum yanayoishikilia baridi kwa siku chache tu. Kwa kijiji kama Mpofi, kasha moja ni safari moja, na anayepanga safari hiyo anahitaji kujua kabla ya kuondoka ni watu wangapi wanaongoja. Orodha hiyo haiwezi kutengenezwa na mtu wa Goma. Wanaojua nani ni mama mkubwa wa nani, nani alikwenda migodini na hajarudi, na bibi gani bado ana nguvu za kubeba mtoto usiku, ni wenyeji, na siku ya kuwauliza ni ileile ambayo mama anaingizwa kituoni.